Kilio cha Minjung Katika Tamthilia ya "Squid Game"

Waliosoma theolojia ya muktadha wanaikumbuka Korea kwa neno moja, yaani minjung, umma wa wanyonge walioonewa na wakuu wao. Tarehe 13 Novemba 1970 kijana Jeon Tae-il, mfanyakazi wa viwanda vya nguo na mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alijiwasha moto penye soko la Pyeonghwa jijini Seoul akidai sheria ya kazi ifuatwe. Kifo hicho kiliwaamsha wanatheolojia. Ahn Byung-mu akairudia Injili ya Marko na kuuliza kwa nini mwandishi wake hulitumia mno neno ochlos, kundi la watu wasio na mahali pao, badala ya laos, taifa teule. Suh Nam-dong akafundisha juu ya han, uchungu uliolimbikizana moyoni mwa aliyeonewa hata ukakosa pa kutokea. Mwaka 1976 serikali ya Park Chung-hee iliwatia wote wawili gerezani.

Leo ulimwengu haujifunzi Korea kwa vitabu hivyo. Wajifunza kwa nyimbo, sinema na tamthilia, mkondo ambao waandishi wa habari wa China waliuita "wimbi la Korea" mwishoni mwa miaka ya 1990. Mengi yaliyomo ni mapenzi na mapambo, na si lazima mchungaji ayashughulikie. Lakini "Squid Game", iliyotungwa na kuongozwa na Hwang Dong-hyuk na kutolewa na kampuni ya Marekani ya Netflix mwezi Septemba 2021, ni jambo jingine. Ndani yake han ile ile yasikika, na Kanisa limepewa nafasi humo ambayo si ya heshima.

Watu 456 waliolemewa na madeni wanashindania won bilioni 45.6 kwa michezo ya watoto, na kila ashindwaye huuawa. Mhusika mkuu, Seong Gi-hun, alifukuzwa kazi katika kiwanda cha magari. Hapo mtunzi aliwafikiria wafanyakazi wa Ssangyong, ambao mwaka 2009 walikikalia kiwanda chao cha Pyeongtaek kwa muda wa siku 77. Gi-hun ni mcheza kamari pia, tena anamwibia mama yake. Ni vema kwamba mtunzi hakumtakasa, maana ochlos ya Marko nayo haikuwa kundi la watakatifu.

Wakristo katika kisa hiki ni wa namna tatu. Yuko mshindani anayeomba kwa sauti hata baada ya kikosi chake kuwavuta wenzao kwa kamba mpaka shimoni. Yuko mhubiri wa barabarani anayemkuta Gi-hun ametupwa mvuani, akamwondolea kitambaa machoni, na neno alilo nalo ni kumwambia amwamini Yesu. Na yuko mchungaji ambaye hatumwoni kabisa, twamsikia tu kwa kinywa cha binti yake, Ji-yeong. Alimtesa binti huyo, akamwua mkewe. Binti naye akamwua baba.

Huyo Ji-yeong, katika sehemu ya sita, anapangwa kucheza gololi na Kang Sae-byeok, msichana aliyekimbia kutoka Korea Kaskazini. Mmoja wao lazima afe. Badala ya kucheza wanaketi na kuzungumza, mpaka muda unapokaribia kwisha. Sae-byeok ana mdogo wake wa kumtunza na mama wa kumtafuta. Ji-yeong hana wa kumrudia. Basi anaiacha gololi yake idondoke miguuni pake, kwa makusudi, na kumshukuru mwenzake kwa kucheza naye. Yeye mwenyewe haiiti hiyo sadaka ya upendo. Tendo linalofanana zaidi na Injili katika tamthilia nzima limetendwa na binti aliyeharibiwa na mtumishi wa Injili. Wako watakaosema kwamba mtunzi analichukia Kanisa. Kwangu mimi huo ni ushuhuda wa upande wa mashtaka, na Luther, aliyefundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hujificha katika mateso, asingeshangaa kuona tendo hilo limetoka upande huo.

Msimu wa tatu, wa mwaka 2025, Gi-hun anautoa uhai wake ili mtoto mchanga aliyezaliwa katikati ya mashindano apone. Nia ni njema, ila tendo limepambwa kiasi cha kumlazimisha mtazamaji alie. Gololi ile moja ina uzito zaidi. Dhaifu zaidi ni matajiri wenye vinyago vya wanyama vya dhahabu, ambao wameketi penye makochi na kuweka dau juu ya maisha ya maskini. Wamechorwa kama vikaragosi, hata mtazamaji asijitambue ndani yao, ingawa yeye naye ameketi akitazama.

Ahn na Suh walilipia maneno yao kwa kifungo. Han ya tamthilia hii imeuzwa, na aliyeinunua amejua la kuifanyia. Mwezi Novemba 2023 Netflix ilionyesha shindano halisi, lenye washiriki 456 na zawadi ya dola milioni 4.56 za Marekani. Hakuna aliyeuawa. Aliyeshindwa alipasukiwa na kifuko cha wino mweusi kifuani, naye akajilaza chini.