Dola 35 na Dola 100,000: Wabunifu wa Nembo Mbili Walivyopatikana

Mteja anayetaka kupunguziwa bei na dizaina ana hoja moja aliyoikariri: nembo ya Nike iligharimu dola 35. Ni kweli. Ila kisa hicho husimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye faida kwa mwenye duka, mgahawa au kiwanda cha sabuni anayemtafuta mtu wa kumtengenezea chapa.

Mwaka 1971 Nike haikuwa Nike. Ilikuwa kampuni ndogo ya jimbo la Oregon, Marekani, iliyoitwa Blue Ribbon Sports, na biashara yake ilikuwa kuuza viatu vya Onitsuka Tiger kutoka Japani. Mmoja wa waanzilishi wake, Phil Knight, alikuwa amewahi kufundisha uhasibu katika Chuo Kikuu cha Portland State, na hapo chuoni alimsikia mwanafunzi wa usanifu wa michoro, Carolyn Davidson, akilalamika kwamba hana hela za kusomea uchoraji wa rangi za mafuta. Akampa kibarua. Hapa ndipo wasimuliaji wengi wanaporuka, kwa sababu kibarua cha kwanza hakikuwa nembo. Kilikuwa chati na grafu za kuonyesha kwenye vikao na wageni kutoka Japani, kwa malipo ya dola 2 kwa saa.

Kwa hiyo Knight alipohitaji alama ya kiatu chake mwenyewe, hakuwa anabahatisha. Alikwishajua Davidson anapokeaje maelekezo, anafikishaje kazi, na akikosolewa anafanyaje. Mambo hayo huwezi kuyaona kwenye picha za kazi zake za nyuma. Ukurasa wa Instagramu wenye nembo hamsini za kupendeza haukuambii ni zipi zilichelewa mwezi mzima, ni mteja gani aliacha kupokelewa simu baada ya kutoa advansi, wala ni ngapi kati ya hizo hazikuwahi kuwa na mteja.

Jambo la pili lililofanyika vizuri ni maelekezo. Davidson hakuambiwa atengeneze kitu "cha kisasa na chenye mvuto". Aliambiwa alama itakaa ubavuni mwa kiatu, ionyeshe mwendo, na isifanane na mistari mitatu ya Adidas. Mahali, kazi, na mpaka. Akachora kwenye karatasi nyembamba inayopenya mwanga, akiiweka juu ya mchoro wa kiatu, ili kila wazo lionekane pale pale litakapoishi. Alipoleta michoro yake, Knight hakuipenda sana hata ule uliochaguliwa. Alisema labda ataizoea. Kiwanda kilikuwa kinasubiri, na jina la Nike lenyewe lilikuwa bado halijapatikana. Alama ilipita kwa sababu ilitimiza ilichoagizwa, ingawa haikumsisimua bosi. Wenye biashara wengi hufanya kinyume: hawaagizi chochote kinachoeleweka, halafu wanakataa michoro sita mfululizo kwa sababu "bado haijanigusa".

Davidson aliendelea kuifanyia kampuni kazi kwa miaka kadhaa, hadi zikamzidi mtu mmoja. Mwaka 1983 Knight alimwalika, akamkabidhi pete ya dhahabu yenye umbo la ile alama pamoja na hisa za kampuni. Anayemtajia dizaina wake dola 35 ataje na hisa.

Sasa njoo upande wa pili. Mwaka 1986 Steve Jobs, akiwa ameondoka Apple, alikuwa na kampuni changa ya kompyuta iitwayo NeXT ambayo haikuwa hata na bidhaa sokoni. Alimfuata Paul Rand, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyechora nembo ya IBM, na kwa kuwa Rand alikuwa na mkataba na IBM, Jobs alilazimika kwanza kuomba ruhusa kwa kampuni hiyo. Jobs aliomba aletewe michoro kadhaa achague. Rand akakataa: angemletea jawabu moja, alitumie au asilitumie, lakini dola 100,000 angelipa. Likaja jawabu moja kweli, pamoja na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi lilivyofikiwa: mchemraba mweusi ulioinamishwa nyuzi 28, neno limegawanywa mistari miwili, na ile "e" ndogo ikitofautishwa na herufi kubwa zinazoizunguka. Jobs alikuwa amemweleza kwamba kompyuta yenyewe itakuwa na umbo la mchemraba.

Bei hizi mbili ziko mbali kama mbingu na ardhi, lakini utaratibu ni mmoja. Pande zote mbili mbunifu alipewa jambo mahususi la kutatua: ubavu wa kiatu kule, mchemraba huku. Pande zote mbili mwenye mali alijua anamwendea nani na kwa nini. Na tuwe wakweli kuhusu uwezo wa nembo: NeXT iliacha kutengeneza kompyuta mwaka 1993. Kazi ya Rand ilikuwa safi, na haikuuza mashine ambazo wanunuzi waliziona ghali.

Tuliweke jambo hili Kariakoo. Chukua mtengenezaji wa pilipili ya chupa. Rafu ya pilipili karibu yote ni nyekundu, na lebo nyingi zina picha ya pilipili. Huyu akitafuta mbunifu, kwanza aandike ukurasa mmoja: chupa ina upana gani, nani ananunua, inauzwa dukani au kwa oda za WhatsApp, lebo zitachapwa wapi, na ni washindani gani hataki kufananishwa nao. Kisha achague watu wawili au watatu ambao kazi zao amezishika mkononi, si kuziona kwenye simu tu, na ampe kila mmoja kazi ndogo ya kulipwa: stika, au bango la bei. Ya kulipwa, nasisitiza. Ule mtindo wa kuwaomba watu wanne "wakuonyeshe sampuli kwanza" bila malipo huwafukuza wanaojua thamani ya muda wao, ukabaki na anayebadilisha jina kwenye muundo alioukuta tayari mtandaoni.

Katika kazi hiyo ndogo sikiliza maswali yake. Dizaina anayeuliza unapenda rangi gani kabla hajauliza chupa ina ukubwa gani, mlipe, mshukuru, endelea kutafuta.

Nembo ikishaletwa, usiitazame kwenye skrini ya kompyuta iliyowaka mwanga mzuri. Ipunguze iingie kwenye duara dogo la picha ya WhatsApp. Ichape kwa wino mweusi mtupu, maana itakwenda kwenye mhuri na kwenye ankara iliyotolewa kopi ya kopi. Muulize fundi wa kudarizi kofia kama uzi wake unaweza kufuata mistari hiyo; iliyo myembamba kama nywele haishoneki. Muulize na mchapaji wa mifuko. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake, hivyo nembo ya rangi nne inadai fremu nne, na gharama hiyo utailipa wewe kila unapoagiza, muda mrefu baada ya dizaina kusahau jina lako. Rangi nazo husaliti: kijani kinachowaka kwenye simu hufifia karatasini, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga na mashine ya kuchapa huchanganya wino. Mbunifu anayejua kazi yake atakupa vipimo vya rangi vya pande zote mbili bila kuombwa.

Ndipo lije suala la mafaili, ambalo wengi hulikumbuka siku bango la mita sita linapotoka na kingo zenye vigae. Picha ya JPEG imejengwa kwa pikseli, ikivutwa hupasuka. Faili la vekta, kama SVG au EPS, halina ukomo wa kukuzwa. Mkataba useme kwamba malipo ya mwisho yanatolewa pamoja na faili la vekta linaloweza kufunguliwa na kurekebishwa na mtu mwingine, majina ya fonti zilizotumika na leseni zake. Useme pia, kwa maandishi na saini, kwamba haki zote za nembo zinahamia kwako ukishamaliza kulipa, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Makubaliano ya sauti za WhatsApp hayatoshi.

Muulize pia waziwazi kama ametumia vipande vya Canva. Si dhambi kwa tangazo la Iddi. Kwa nembo ni tatizo, kwa sababu masharti ya Canva yenyewe hayaruhusu vielelezo vyao vya hifadhi kusajiliwa kama alama ya biashara: kila mtu ana ruhusa ya kuvitumia, na kesho utakuta jani lako kwenye chupa ya mwenzio. Kuipitisha nembo kwenye utafutaji wa picha wa Google huchukua dakika moja.

Mwisho, wengi huchanganya usajili wa jina la biashara na ulinzi wa nembo. Cheti cha jina la biashara hakiilindi nembo. Alama ya biashara huombwa peke yake, kwa BRELA Tanzania Bara na kwa KIPI nchini Kenya. Anayeuza Dar es Salaam na Unguja aombe mara mbili, kwa kuwa usajili wa BRELA hauvuki bahari: Zanzibar husajili yenyewe, kupitia BPRA.