Machozi Kabla ya Ufunuo: Kutoelewa kwa Mhusika katika *Adili na Nduguze*

Mgeni afikaye Sumbawanga kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kuonywa. Mahali pengi nchini jina la mji huu hutajwa pamoja na uchawi, kwa utani au kwa hofu. Lakini kwa Kifipa jina hilo lina maana ya kuutupa uchawi. Neno ni lile lile; msikiaji ndiye aliyelipokea kinyume. Kosa la namna hiyo ndilo tunalokusudia kulichunguza katika makala hii: mwandishi wa hadithi amwachie vipi mhusika wake aelewe vibaya, na ukweli udhihirishwe kwa njia gani baadaye?

Swali hili latuhusu sisi tulio katika utumishi wa Neno. Maigizo ya vijana, hadithi fupi na visa vya mahubiri hutumia sana mbinu hiyo. Mtu hudhaniwa kuwa mwovu, kisha ukweli hutokea, na wasikilizaji hupigwa na mshangao. Hatuna budi kuuliza kama mshangao huo humjenga yeyote.

Kielelezo bora tunacho katika *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Kodi yachelewa, na Ikibali anatumwa kuifuata. Usiku, kwa siri, Ikibali anamwona mwenyeji wake akiwapiga manyani wawili mijeledi, kisha akilia pamoja nao. Habari zinafika kwa Rai, naye Adili anaitwa ajieleze. Ndipo inapojulikana kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini. Na kwamba jini Huria aliyewageuza ndiye aliyemwamuru Adili awapige kila usiku. Kiini cha kisa hiki kimo pia katika *Alfu Lela Ulela*, ambamo ndugu wale wamegeuzwa kuwa mbwa.

Tazama kwanza kwamba Ikibali haoni uongo. Mjeledi ni wa kweli na maumivu ni ya kweli. Asichokijua ni sababu. Kutoelewa kwa namna hii kuna heshima, kwa maana hata msomaji mwenye busara angaliweza kukosea vivyo hivyo. Tofauti na hayo, waandishi wengi chipukizi hutegemea mhusika asiyeuliza swali ambalo mtoto angeuliza, au barua iliyopotea bila sababu. Hapo si mhusika asiyeelewa, bali ni mwandishi aliyemziba masikio.

Pili, dalili ya ukweli imo ndani ya lile lile linaloleta dhana potofu. Adili anapiga, tena analia. Mkatili hamlilii anayempiga. Mwandishi ameweka machozi mbele ya macho ya shahidi, ili siku ya ufunuo pasiwe na mtu wa kusema kwamba alifichwa. Mwandishi wa Mwanzo naye alifanya hivyo. Katika sura ya 42 Yusufu asema na ndugu zake kwa ukali, kisha ageuka kando alie. Katika sura ya 43 aingia chumbani mwake kulia. Hata sura ya 45 ashindwa kujizuia mbele yao. Machozi yametangulia jina. Ufunuo usiotanguliwa na dalili yoyote ni hila, na msomaji aliyehadaiwa mara moja hamwamini tena msimulizi, hata anapomweleza kweli.

Yako malalamiko ya haki dhidi ya Shaaban Robert. Jina la kitabu lenyewe linataja ndugu, na majina Hasidi na Mwivu yakisemwa tu, hukumu imekwisha kutolewa. Taharuki, yasemekana, imeuawa na mwandishi mwenyewe. Twakubali kwamba majina hayo yanawanyima ndugu wale nafasi ya kuwa watu kamili: hatuoni wivu wao ukikua, twaambiwa tu kwamba upo. Huo ni upungufu. Lakini hatukubali kwamba ufunuo hupoteza nguvu kwa sababu msomaji aujua mapema. Katika habari za Yusufu msomaji ajua tangu mwanzo yule bwana wa Misri ni nani. Kadhalika masimulizi ya asili ya utawala wa Ufipa: mtawala wa Milansi akiwa mawindoni, wanawake wageni wafika, naye arudipo akuta enzi imekwisha kuwa mikononi mwao. Mzee na kijana wa Kifipa waujua mwisho, na bado husikiliza. Husikiliza ili wasikie aliyerudi alifanya nini alipojua: kwamba Milansi ilibaki kwake, na heshima yake ya kale haikufutwa.

Kwa hiyo uzito wa ufunuo uko katika tendo linalofuata. Rai alipojua ukweli angeweza kufurahia kisa na kumrudisha Adili kwenye mjeledi wake. Badala yake alimwandikia Huria kuwaombea msamaha ndugu wale, nao wakarudishiwa ubinadamu. Kujua kulizaa maombezi.

Tuyapime maandishi yetu kwa kipimo hicho. Kuna mchezo unaopendwa sana makanisani: bibi kizee anadhaniwa mchawi, anafukuzwa kijijini, kisha yafunuliwa kwamba mchawi ni jirani yake, naye jirani apigwa huku watazamaji wakishangilia. Mwandishi hudhani amefundisha haki. Kwa kweli amehamisha mawe kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na dhana iliyomfukuza bibi imebaki nzima. Katika nchi ambamo wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, upungufu huu wa fani ni hatari kwa maisha ya watu. Ufunuo unaofaa ungeonyesha mlolongo wa kutoelewa wenyewe: nani alisema kwanza, nani aliona nini hasa, nani alinyamaza. Kisha ungetuonyesha kijiji kinavyokwenda kumrudisha bibi, na aibu ya safari hiyo.

Martin Luther, akieleza amri ya nane katika *Katekisimo Ndogo* ya mwaka 1529, anatuagiza tumtetee jirani na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Mwandishi akiifuata amri hiyo hatapungukiwa na taharuki, maana atalazimika kuandika machozi pamoja na mjeledi. Nasi tuandikao kwa ajili ya sharika za Ufipa tunaweza kuanza na jina la mji wenyewe, ambalo limesomwa kinyume kwa muda mrefu.