Bustani Juu ya Reli

Mkulima wa Namawala, katika bonde letu la Kilombero, hahitaji kufundishwa faida ya kuinuka mita chache kutoka ardhini. Mpunga ukianza kushika punje hupanda dunguni, na akiwa pale huwaona ndege, nguruwe na mpaka wa jirani kwa kutupa jicho mara moja. Nadhani angeielewa upesi kazi iliyofanywa New York, kwenye High Line.

Hiyo ilikuwa reli ya mizigo, iliyofunguliwa mwaka 1934 juu ya nguzo za chuma, kama mita 9 kutoka barabarani, kwa sababu treni za chini zilikuwa zimeua watu wengi mno. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980, inasemekana ikiwa na shehena ya bata mzinga waliogandishwa. Makubwa! Kisha reli ikaachwa. Upepo ukaleta mbegu, na majani na maua yakaota kati ya mataruma bila mkono wa mtu.

Mwaka 1999 Joshua David na Robert Hammond walianzisha chama cha kuinusuru isibomolewe. Mafundi walipokabidhiwa kazi ya kuigeuza bustani hawakukimbilia kujenga. Kila pande la reli lilitiwa alama na mahali pake pakaandikwa, ndipo likang'olewa na kuhifadhiwa. Chuma kikapigwa mchanga hadi rangi ya zamani yenye madini ya risasi ikatoka. Zege likazibwa lisivuje. Reli nyingi zikarudishwa palepale zilipokuwa. Kinachonishika zaidi ni sakafu. Vibao vya zege vinachongoka kadiri vinavyoingia kwenye majani, hata usijue njia imeishia wapi na bustani imeanzia wapi, na maji ya mvua hupenya katikati yake yakainywesha mimea. Udongo wenyewe una kina cha sentimita 45 hivi tu.

Mholanzi Piet Oudolf, aliyepanga mimea, aliyafuata yale yaliyojiotea. Wala hakuyaonea haya majani makavu: yanaachwa yamesimama majira yote ya baridi, ndipo yakatwe kwa mikono mwezi Machi. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009, ya tatu 2014. Zote zina urefu wa kilomita 2.3 hivi.

Seoul nako barabara ya juu ya mwaka 1970 iligeuzwa njia ya waenda kwa miguu mwaka 2017, ikapewa mimea zaidi ya 24,000 katika vyungu vya zege, imepangwa kwa mfuatano wa alfabeti ya Kikorea. Ni kazi safi, ila mikono ya fundi inaonekana kupita kiasi.

Reli ya TAZARA inayokatiza bonde letu bado ina treni zake, na iendelee kuwa nazo. Lakini siku daraja au reli yoyote nchini itakapostaafu, ninawaomba wahandisi na madiwani: kabla hamjawaita wanunuzi wa vyuma chakavu, pandeni kwanza mkaangalie kilichoota.