Fimbo haitibu ADHD: tunachekea nini hasa?

"Nilikuwa na ADHD, mwalimu akanitibu kwa fimbo." Utani wa namna hii unazunguka sana kwenye simu zetu, Moshi tukiwemo. Anayeusema mara nyingi ndiye aliyechapwa, na kucheka ni haki yake. Ila kama kazi ya kuchekesha, naona ni dhaifu, na kisayansi unapotosha.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa umakini, kujizuia na utulivu. Ili mtu athibitishwe kuwa nayo, dalili kadhaa lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, zionekane sehemu zaidi ya moja, mfano nyumbani na shuleni, na zimkwamishe kweli. Fimbo inaweza kumnyamazisha mtoto. Haimpi uwezo wa kushika maelekezo matatu kwa mpigo. Anachojifunza ni kuficha.

Sasa linganisha na huu, nimeutunga mwenyewe: "Nimetumwa vitunguu Mbuyuni. Nimerudi na ndoo, kuku na stori ya konda. Vitunguu? Ndo narudi tena." Hapa tunacheka jinsi kichwa kinavyofanya kazi: kila kipya kinasukuma nje kile ulichokishika. Mwenye ADHD anajiona. Mama aliyemtuma anaanza kuelewa kwamba hakudharauliwa.

Kweli, kila mtu huwa anasahau vitunguu. Utafiti wa Kanada wa 2022 ulipitia video 100 maarufu za TikTok kuhusu ADHD, ukakuta 52 zinapotosha. Kwa hiyo usijipime kwa utani. Lakini pia tusiseme ni mambo ya Wazungu: Mulago, Kampala, utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta 11% ya watoto waliohudhuria kliniki za neva na akili wana ADHD.

Kipimo changu ni kimoja: tukimaliza kucheka, nani ameeleweka? Kwenye vitunguu, ni mtu. Kwenye fimbo, tumeshangilia fimbo tu. Na hapa kwetu viboko shuleni bado vinaruhusiwa kisheria. Mtoto anayesahau daftari kila siku yuko darasani sasa hivi, na mzazi wake anaupokea utani huo huo kama ushauri wa malezi.