Bei Moja ya Darasa Katika Vilima vya Gusii

Siku ya Mashujaa ya mwaka 2021, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alipotangaza kwamba shilingi bilioni 8 zingetengwa kujengea madarasa 10,000 ya mtaala wa umilisi, hesabu ya gharama ilikuwa imekwisha kukatwa kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Kwani mtu akiligawa fungu lile kwa idadi ile alipata wastani wa shilingi 800,000 kwa darasa, liwe katika tambarare za Kano au juu ya mteremko wa Manga. Njia hii, ya kuifunga bei kwanza na kumwachia mkandarasi wa karibu na shule atafute faida humo humo, ina fadhila ambazo si insafu kuzikana: ramani ni moja, mabishano ya bei hupungua, na kazi huweza kwenda kwa haraka ambayo majengo ya serikali aghalabu hayaijui.

Ila Gusii, yaani Kisii na Nyamira, si nchi ya viwanja sawa. Shule nyingi zimeketi mgongoni mwa kilima, na mteremko hauzidishi bati, wala mbao, wala dirisha. Gharama yake yote huzikwa chini ya sakafu. Tuseme darasa lina mita 8 kwa 7, na ardhi inashuka sentimita 10 kwa kila mita ya upande mrefu. Kufikia mwisho wa jengo pengo ni sentimita 80, na kulijaza hata sakafu ilingane na upande wa juu kunataka mita za ujazo zipatazo 22 za mawe na murram, mbali na ukuta wa msingi wa kulizuia jazo hilo lisisukumwe na maji ya mvua, ambayo huko hayana msimu mrefu wa kupumzika. Huo ni mzigo wa malori kadhaa usiohitajiwa tambarare, na mkandarasi aliyefungiwa bei hana budi kuutafutia fidia, ama katika faida yake, ama, na hili ndilo la kuogopewa, katika kipimo cha saruji.

Ili mzigo huo uonekane mapema, ziko programu za wingu za kusimamia gharama za ujenzi. Programu hizi, ambazo Procore ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2002 ni mashuhuri miongoni mwao, huligawa jengo katika vifungu vya kazi, na kila kifungu kikapewa safu zake: makadirio ya awali, mabadiliko yaliyoidhinishwa, mabadiliko yanayosubiri idhini, ahadi zilizotiwa saini, fedha zilizokwisha kutoka, na kadirio la kumalizia. Mimi naona kwamba kati ya hizo iliyo na faida kubwa ni ile ya yanayosubiri idhini. Daftari la karatasi huijua gharama siku risiti inapoletwa, ilhali safu hii huijua siku msimamizi wa mjengo anapovuta kamba ya kusawazisha na kuliona pengo. Hupiga picha, huandika kipimo katika simu, na hata kama bonde halina mtandao, programu iliyoundwa kwa hali hiyo huihifadhi taarifa mpaka mtandao upatikane. Mkadiriaji majenzi aliye mjini akaona jumla ya mwisho imesogea kabla shilingi moja haijatoka. IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali, hulinda mafungu na malipo, na hilo ni jambo jema. Lakini haukuundwa kuuliza kilichomo chini ya sakafu.

Atasema msomaji kwamba sheria hairuhusu nyongeza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 139, kweli hukataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Walakini hutenganisha bei na kiasi, na kiasi cha kazi za ujenzi huachiwa nafasi ya kuzidi kwa asilimia 20, maadamu nyongeza zote kwa jumla hazivuki asilimia 25 ya bei ya awali. Jazo la mteremko ni suala la kiasi. Kilichokosekana ni fungu la kulilipia, nalo lingaliweza kupatikana bila kuzizidi zile bilioni 8: bei ya jengo kutoka sakafuni kwenda juu ibaki moja kwa nchi nzima, msingi utengwe uwe kifungu cha peke yake kinacholipwa kwa kipimo, na kiwanja cha tambarare kikiachie cha mlimani masalio yake. Daftari la shule moja haliwezi kazi hiyo, kwa kuwa halioni ng'ambo ya ua. Daftari la pamoja, linalosomwa Keroka na Nairobi kwa saa ile ile, laiweza.

Sharti la njia hiyo ni kwamba kipimo cha msingi kichukuliwe, na picha yenye tarehe iingizwe, kabla ya zege la sakafu kumwagwa, maana likishamwagwa hakuna mkaguzi awezaye kukihakiki pasipo kuibomoa sakafu.