Kibanda cha Laugier na Msonge wa Maruku

Mwaka 1753 Marc-Antoine Laugier, padri Mjesuiti wa Ufaransa, alitoa kitabu chake kiitwacho Essai sur l'architecture. Katika chapa ya pili, ya mwaka 1755, iliongezwa picha ya Charles Eisen: mwanamke aketiye juu ya vipande vya nguzo zilizoanguka, akionyesha kwa mkono kibanda cha miti iliyo hai. Mafundisho ya kitabu hicho yaliingia katika misingi ya mtindo uliofufua barani Ulaya ujenzi wa Wayunani na Warumi, ambao mfano wake mashuhuri ni kanisa alilolibuni Soufflot mjini Paris, liitwalo Panthéon tangu 1791.

Hoja ya Laugier ni nyepesi kueleza. Mtu wa kwanza, akikimbia jua na mvua, alisimamisha miti minne katika pembe za mraba, akalaza minne mingine juu yake, kisha akaegemeza mingine ikutane kileleni. Humo zilizaliwa nguzo, boriti na kipaa cha pembe tatu, navyo ndivyo viungo vya lazima vya jengo lolote. Ukuta, mlango na dirisha huruhusiwa kwa haja tu. Yaliyozidi hapo ni makosa.

Hapana budi kukiri nguvu ya mafundisho hayo. Yaliwafunza wajenzi kukiuliza kila kiungo kazi yake, na kukiondoa kisichokuwa na jibu. Lakini mwalimu huyu asema kwamba maumbile yenyewe ndiyo yaliyomfundisha, na dai hilo lapasa kupimwa kwa nyumba ya kweli ya miti na nyasi.

Nyumba hiyo ni omushonge wa Wahaya, iliyojengwa tangu zamani Maruku na kote Bukoba. Vifaa vyake ni vile vile alivyovitaja Laugier, ila umbo lake ni duara. Fito zimefungwa kwa pete, pete juu ya pete hadi kileleni, na nyasi zilizokatwa rweya hushuka mpaka chini, hata haiwezekani kusema paa limeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Nguzo zipo, tena nyingi, lakini zimo ndani, wala hazionekani na apitaye kibanjani. Kipaa cha pembe tatu hakipo kabisa. Hata hivyo kila kiungo kina kazi yake: pete hukaza, nguzo hubeba, nyasi huteremsha mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hukaribia milimita 2,000.

Basi msonge watimiza kanuni ya Laugier na papo hapo waangusha hitimisho lake. Kama miti na nyasi zaweza kuzaa duara lisilo na kipaa, mraba wa Laugier haukutoka msituni. Ulitoka katika hekalu la Wayunani, kisha ukavikwa majani ili uonekane mzee kuliko hekalu lenyewe.

Jambo hili lamhusu mfasiri wa Kiswahili. Mtindo huo ukiitwa "usanifu wa kale" bila nyongeza, msomaji atadhani kale ni moja. Ulaya iliifukua kale yake Herculaneum tangu 1738 na Pompeii tangu 1748. Huko Katuruka, katika Maruku, Peter Schmidt alichimba mnamo 1970 akiongozwa na masimulizi ya wazee juu ya mfalme Rugomora Mahe na juu ya Kaiija, jina lifasiriwalo kuwa mahali pa kufulia chuma; akakuta mabaki ya wafua chuma wa zama za mbali. Hiyo nayo ni kale. Afadhali kusema "ufufuo wa usanifu wa Kiyunani na Kirumi": ni maneno marefu, lakini yamtaja mwenye mali.

Misonge imekwisha kuwa michache, na mabati yameshika nafasi ya nyasi. Mwanafunzi wa Kagera asomaye kwamba asili ya majengo yote ni kibanda cha pembe nne atayaamini hayo kwa urahisi zaidi asipokuwa na msonge wa kuingia na kuutazama kutoka ndani.