Nyumba ya Muchoraji na Nyumba ya Mungu

Katika muji wa Vienna, kule Austria, iko nyumba kubwa iliyojengwa na fundi Otto Wagner, tangu 1886 hata 1888. Miaka ikapita, nyumba ikaharibika. Mwaka 1972 muchoraji Ernst Fuchs akainunua na kuitengeneza. Mwaka 1988 akaifungua kuwa makumbusho ya kazi zake mwenyewe. Wengi wameisifu. Sisi vilevile tunaisifu, lakini si yote.

Kwanza tumujue mutu huyu. Alizaliwa Vienna mwaka 1930, akafa mwaka 2015. Baba yake alikuwa Muyahudi. Yeye alibatizwa mwaka 1942, siku zile Wayahudi walipoteswa na kuuawa katika Ulaya. Mwaka 1957 alikaa katika monasteri ya Wabenedikto juu ya mulima Sioni, kule Yeruzalemu, akaanza kuchora picha kubwa ya Karamu ya Mwisho. Kisha kanisa la Rozari Takatifu la Hetzendorf, mutaa wa Vienna, likamupa kazi: picha tatu juu ya ngozi, kwa mafumbo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu. Alizimaliza karibu na mwaka 1961. Palitokea magombano makali sababu yake.

Basi tupime kazi hizi mbili. Katika Hetzendorf muchoraji hakuwa bwana. Mafumbo yalikuwa ya Ekleziya, nafasi ilikuwa ya altare, na watu waliopiga magoti pale hawakuja kwa ajili yake. Alipewa mupaka, na mupaka ule ulimusaidia: nguvu yake yote ilielekea fumbo moja.

Katika makumbusho yake hakuna aliyemuwekea mupaka. Picha ni zake, sanamu ni zake, hata viti na vitambaa alivitolea mufano yeye mwenyewe. Rangi inashindana na rangi, pambo linafunika pambo. Katika nyumba ya namna hii mugeni anaingia atazame malaika, anatoka akikumbuka jina la Fuchs. Hapo ndipo tunapoona upungufu.

Walakini tusimuhukumu bure. Nyumba ya fundi mwingine ilikuwa karibu kupotea, naye aliiokoa. Alitengeneza tena madirisha ya vioo vya rangi ya Adolf Böhm, yasiyokuwa kazi ya mukono wake. Anayetunza uzuri wa mwenzake si mutu wa majivuno tu.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Liyolo, fundi wa sanamu wa Kongo aliyefariki mwaka 2019, naye alisoma Vienna. Mafundi wenye akili na mukono mwepesi tunao katika parokia zetu. Je, tunawapa kazi gani? Mara nyingi tunanunua sanamu za plasta zilizofanana zote, na fundi wetu anachonga kwa ajili ya wageni wanaopita sokoni. Lakini Konsili ya Vatikano, katika Konstitusyo ya Liturjia ya mwaka 1963, ilituagiza kutafuta uzuri wa heshima kuliko mapambo ya gharama, tena ilikubali sanaa ya kila taifa.

Kwa hiyo, ninyi wafratri na wakatekista, mukitaka musalaba au picha ya kapela, muketi kwanza na fundi. Mumusomee Injili ya fumbo lile, mumuonyeshe mahali waamini watakapopiga magoti, kisha mumuache afanye kazi. Watu wakinung'unika siku ya kwanza, musiishushe picha mara moja, muwafundishe, mungoje. Na fundi akitaka kufunika ukuta wote kwa kazi yake, mumukumbushe kwa upole kwamba nyumba hii ina Mwenyewe.